Raja Ravi Varma: Mchoraji Aliyezifikisha Picha Takatifu Nyumbani Kwetu

Katika kitabu hiki cha kumbukumbu ya hekalu letu, wengine wataandika habari za waasisi, za ujenzi na za wafadhili, na ndivyo inavyostahili. Sisi tumeombwa kuandika juu ya alama na uzuri wake katika sanaa ya ibada, nasi tumeona kuwa njia bora ya kulieleza jambo hilo ni kusimulia maisha ya mtu mmoja. Hakuwa mtakatifu, hakuwa mfalme, wala hakuwa mtu wa Gujarat. Hata hivyo, familia nyingi za Kihindu, ziwe zimekaa Rajkot au Mombasa, Bhuj au Dar es Salaam, zimeishi na kazi ya mkono wake, au na kazi iliyozaliwa nayo, pasipo kulijua jina lake. Mtu huyo ni Raja Ravi Varma.

Msomaji na aikumbuke picha ya Devi Lakshmi iliyokuwa ikitundikwa juu ya meza ya fedha katika maduka ya wazee wetu. Devi amesimama juu ya ua la yungiyungi, amevaa sari, ana mikono minne, uso wake ni mtulivu kama wa mama anayewapokea wanawe. Kila asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajaingia, ubani uliwashwa mbele ya picha ile. Tuliiona kila siku, na pengine kwa sababu hiyo hatukuuliza ni nani aliyetangulia kumchora Devi kwa sura ile, wala kila kitu alichokishika kina maana gani.

Ravi Varma alizaliwa tarehe 29 Aprili, 1848, huko Kilimanoor, katika ufalme wa Travancore uliokuwa kusini kabisa mwa India, nchi ambayo leo ni sehemu ya jimbo la Kerala. Jamaa zake walikuwa watu wa heshima waliooana na nyumba ya kifalme kwa vizazi kadhaa. Baba yake alikuwa mwanazuoni wa Kisanskrit, na mama yake alikuwa mtunga mashairi. Mjomba wake, aliyeitwa Raja Raja Varma, alikuwa mchoraji, na ndiye aliyetambua kipaji cha mtoto na kumfundisha hatua za mwanzo. Alipofika umri wa miaka 14 alipelekwa Thiruvananthapuram, katika jumba la Maharaja Ayilyam Thirunal, ili apate kukua kati ya wasanii na wasomi.

Huko ndiko alikokutana na mlango uliofungwa. Wakati ule, kuchora kwa rangi za mafuta juu ya turubai kulikuwa jambo geni katika India, na waliolijua walilificha kama siri ya ukoo. Mchoraji mmoja wa jumba la Maharaja, Ramaswamy Naidu, hakukubali kumfundisha kijana huyo. Mwaka 1868 alifika mchoraji wa Kizungu, Theodore Jensen, mzaliwa wa Denmark, naye hakumfundisha, ila alimruhusu kusimama na kutazama akifanya kazi. Basi Ravi Varma alijifunza kwa macho. Aliangalia namna rangi zinavyochanganywa, namna nuru inavyoangukia shavu na kivuli kinavyokaa chini ya kidevu, kisha akarudi chumbani kwake kujaribu na kukosea mpaka akaweza. Wazee wetu waliojifunza biashara kwa kukaa kimya nyuma ya kaunta ya mjomba wataielewa shule ya namna hiyo.

Matunda hayakukawia. Mwaka 1873 picha yake ya mwanamke wa Kinair akijipamba nywele ilipata nishani ya dhahabu katika maonyesho ya Madras, na mwaka huohuo ikatunzwa katika maonyesho ya Vienna. Miaka 20 baadaye, mwaka 1893, picha zake 10 zilivuka bahari hadi Chicago, Marekani, na kutunukiwa nishani. Huo ndio mwaka, na huo ndio mji, ambamo Swami Vivekananda alihutubia mkutano mkuu wa dini. Kwa hiyo katika majira mamoja watu wa Magharibi waliusikia Uhindu kwa neno la Swami na kuuona kwa rangi za Ravi Varma.

Lakini mchoraji anayetegemea wafalme huchora sura za wafalme, na sura hizo hufungiwa katika majumba. Aliyemwonyesha njia nyingine alikuwa Sir T. Madhava Rao, aliyepata kuwa Diwani wa Travancore na baadaye Diwani wa Baroda katika Gujarat yetu. Mwaka 1884 Madhava Rao alimwandikia barua kumshauri kwamba picha zake zinatamaniwa na watu wengi kuliko mikono yake miwili inavyoweza kutosheleza. Basi achague chache, zipigwe chapa, ziwafikie watu. Neno hilo alilisema mtawala, lakini lilikuwa na akili ya mfanyabiashara. Ravi Varma alikaa nalo kwa miaka 10 kabla ya kulitimiza.

Kabla ya hapo Baroda ilimpa kazi iliyoigeuza sanaa yake. Alikuwa amekwenda huko wakati wa kutawazwa kwa Maharaja Sayajirao Gaekwad wa Tatu, mwaka 1881. Baadaye Maharaja alimwagiza achore picha 14 za hadithi za Purana, Ramayana na Mahabharata kwa ajili ya jumba lake jipya la Lakshmi Vilas. Ravi Varma alifanya kazi hiyo pamoja na mdogo wake, C. Raja Raja Varma, aliyekuwa mchoraji hodari wa mandhari na mwandani wake wa safari zote. Hapo lilitokea swali ambalo si dogo. Damayanti avae nini? Shakuntala avae nini? India ilikuwa na mavazi mengi kuliko mito yake. Kila jimbo lilimjua Sita kwa vazi la kwao. Ndugu hao wawili walisafiri sehemu nyingi za nchi wakitazama mahekalu, sanamu, watu na mavazi yao. Wanawake wa picha zake wakavikwa sari, iliyopangwa mikunjo kwa namna ambayo mtu wa Maharashtra, wa Gujarat na wa Kerala aliweza kuitambua bila kuona kwamba jirani amependelewa. Sisi tuliokulia katika biashara ya nguo tunajua uzito wa uamuzi huo. Vazi nalo ni alama: humwambia anayetazama kama huyu ni wa kwetu au ni wa mbali.

Picha hizo zilipokamilika zilionyeshwa kwanza kwa umma, na watu walifika makundi kwa makundi. Wengi wao walikuwa hawajapata kuona hadithi walizosimuliwa na bibi zao zikiwa na damu na nyama namna ile.

Hapa tunaomba msomaji asimame nasi kidogo mbele ya picha mbili alizozichora mwaka 1896, moja ya Lakshmi na moja ya Saraswati, kwa kuwa ndizo zilizoingia katika nyumba nyingi zaidi.

Lakshmi amesimama juu ya yungiyungi, na maua mengine ya namna hiyo yamo katika mikono yake ya juu. Yungiyungi lina mizizi katika tope, shina katika maji, na ua katika nuru. Tone la maji likianguka juu ya jani lake huteleza lisiache alama. Mali ndivyo inavyotakiwa kukaa kwa mwenye nayo. Tunaishi katikati ya tope la masoko, la deni na la ushindani. Tunaruhusiwa kustawi humo, lakini haturuhusiwi kuchafuka. Kando yake yuko ndovu mwenye koja la maua. Tangu kale ndovu ni mnyama wa wafalme, tena ni ishara ya mawingu ya mvua, kwa kuwa katika nchi ya wakulima utajiri wa kwanza ni mvua. Mikono ya Devi ni minne, na wazee wetu walifundisha kwamba minne hiyo ni malengo manne ya maisha: wema wa mwenendo, mali, furaha halali, na ukombozi wa roho. Mali ni mkono mmoja tu kati ya minne. Anayeitazama picha ile kila asubuhi akakumbuka hesabu hiyo, amesoma somo zima la biashara.

Saraswati ameketi karibu na maji, naye hana mapambo mengi. Vazi lake ni jeupe, kwa kuwa elimu haihitaji rangi ya kujisifu. Mikono miwili inapiga vina, mingine imeshika kitabu na shanga za sala. Kitabu ni elimu inayosomwa, shanga ni elimu inayopatikana kwa kurudia na kutulia, na vina ni elimu iliyokwisha kuwa uzuri. Tausi yuko kando yake. Mafundi wengine humchora batamaji, ambaye katika masimulizi yetu huweza kuyatenga maziwa na maji, yaani kuichagua kweli ndani ya mchanganyiko. Tausi naye anajulikana kwa mkia wake, na wako wanaofundisha kwamba amewekwa pale ili uzuri wa nje ukae chini ya hekima, usiitawale.

Kila Diwali, sisi Wagujarati tunapoyafanyia puja madaftari mapya ya hesabu, tunawaita Ganesh, Lakshmi na Saraswati pamoja. Ukurasa wa kwanza huchorwa sathiyo, na huandikwa maneno ya heri na faida, heri ikitangulia. Utaratibu huo na picha hizo mbili husema jambo moja: fedha isiyo na elimu na isiyo na heri haina mahali pa kuandikwa.

Mwaka 1894 Ravi Varma alianzisha kiwanda chake cha chapa mjini Bombay, kwa mashine na mafundi kutoka Ujerumani. Kazi yenyewe ilikuwa ngumu. Picha ilichorwa juu ya mawe bapa, kila rangi na jiwe lake. Karatasi ileile ikapitishwa katika mtambo mara nyingi, rangi moja baada ya nyingine, na kila mara ilipaswa kukaa palepale bila kusogea hata unywele, la sivyo jicho la Devi lingeangukia shavuni. Mwisho ilipakwa vanishi ili ing'ae kama picha ya mafuta. Picha ya kwanza kutolewa ilikuwa ya kuzaliwa kwa Shakuntala. Zikafuata za Lakshmi, Saraswati na nyingine nyingi.

Kama biashara, kiwanda hakikumtajirisha. Tauni iliingia Bombay mwaka 1896, na mwaka 1899 kiwanda kikahamishiwa Malavli, karibu na Lonavla. Madeni yalizidi, na mwanzoni mwa karne ya 20 kiwanda kikauzwa kwa fundi wake Mjerumani, Fritz Schleicher. Mchoraji alipata hasara, lakini picha ziliendelea kutoka, zikasambaa India nzima, na waliohama wakafunga safari nazo. Karatasi iliyokunjwa vizuri haichukui nafasi kubwa katika sanduku la msafiri.

Sasa tufikirie hasara hiyo ilinunua nini. Katika India ya wakati ule watu wengi hawakuruhusiwa kuvuka kizingiti cha hekalu kwa sababu ya tabaka walimozaliwa. Travancore yenyewe ilikuwa miongoni mwa nchi zilizokuwa kali zaidi katika jambo hilo. Mtu aliweza kuishi miaka 70 akisikia kengele ya hekalu na asiuone uso wa mungu anayeabudiwa ndani. Kwa mtu huyo, picha iliyochapwa haikuwa pambo la ukuta. Ilikuwa darshan. Aliweza kuinunua kwa bei ndogo, akaitundika katika kibanda chake, akawasha taa, na hapakuwa na mtu wa kumwambia asimame mbali. Wanawake nao walizichukua picha hizo wakazishonea vipande vya hariri, zari na vimetameta juu ya karatasi, wakimvika Devi kwa mikono yao wenyewe kama makuhani wanavyoivika murti hekaluni.

Hatudai kwamba Ravi Varma alikuwa mpiganaji wa haki. Alikuwa mtu wa majumba ya kifalme, na mwaka 1904 alipokea nishani ya Kaisar-i-Hind kutoka serikali ya Kiingereza. Lakini kazi ya mtu huweza kwenda mbali kuliko nia yake. Yeye aliyekataliwa siri ya rangi alizitoa picha zake nje, mpaka mikononi mwa watu waliokataliwa mengi zaidi.

Mdogo wake alifariki mapema mwaka 1905, na waliomjua wamesimulia jinsi pengo hilo lilivyomdhoofisha. Ravi Varma mwenyewe aliaga dunia tarehe 2 Oktoba, 1906, akiwa na umri wa miaka 58.

Baada ya kifo chake walitokea wahakiki wakubwa, Ananda Coomaraswamy akiwa mmoja wao, waliomlaumu vikali. Walisema miungu yake ni watu wa maigizo waliovikwa mavazi, kwamba ameazima macho ya Wazungu, na kwamba ameipoteza siri ya sanamu za kale, ambazo hazikutaka kufanana na mwili wa mwanadamu. Lawama hiyo tusiipuuze. Sanamu ya shaba ya Nataraja kutoka kusini inasema mambo ambayo hakuna picha ya mafuta inayoweza kuyasema. Tena kuna hatari nyingine ambayo wafanyabiashara tunaijua kwa kuwa tumeshiriki kuileta: picha takatifu ilipokuwa rahisi kuchapwa, ilianza kuwekwa juu ya viberiti, sabuni na kalenda za matangazo. Kiberiti kikiisha hutupwa, na Devi hutupwa nacho.

Hata hivyo, sisi hatuamini kwamba alama hufa kwa kuzoeleka. Hufa pale isipoelezwa. Umbo lile la embe bichi ambalo bibi zetu waliliita keri limesafiri juu ya vitambaa hadi pwani hii, na katika kanga linaitwa korosho. Jina limebadilika, lakini umbo linapendwa bado, kwa sababu akina mama wa hapa walilipa maana yao na kuliita kwa jina la tunda wanalolijua. Picha ya Lakshmi haitaharibiwa na kuwepo kwake kila mahali, iwapo katika kila nyumba yupo mtu mmoja wa kumweleza mtoto habari za ua na tope.

Maisha ya Ravi Varma yana mwisho ambao yeye hakuuona. Katika nyumba ya kifalme ya Travancore urithi ulifuata upande wa mama, na mwaka 1900, palipokosekana binti wa kuuendeleza ukoo, wajukuu wake wawili wa kike walichukuliwa kuwa watoto wa nyumba hiyo. Mmoja wao, Sethu Parvathi Bayi, alimzaa Chithira Thirunal, ambaye alikuja kuwa Maharaja. Tarehe 12 Novemba, 1936, Maharaja huyo kijana alitangaza kwamba mahekalu ya Travancore yaliyo chini ya serikali yake yatafunguliwa kwa Wahindu wote, pasipo kujali tabaka. Kwa hiyo kitukuu wa mchoraji ndiye aliyeufungua mlango ambao picha za babu yake zilikuwa zimekwisha kuuzunguka kwa miaka 40. Waliofika hekaluni mara ya kwanza siku zile walikuwa wamekwisha kumwona mungu wao nyumbani.

Hatuoni sababu ya kurefusha maneno. Tunalo ombi moja kwa wanajumuiya wenzetu katika mwaka huu wa maadhimisho. Familia nyingi zinahama kutoka nyumba za zamani kwenda kwenye magorofa, na picha za karatasi zilizokuwa katika fremu za mbao, zenye madoa ya moshi wa ubani wa miaka mingi, zinaonekana kuukuu. Kabla hazijaondolewa ukutani, waiteni watoto. Wakalisheni mbele ya picha, muwaulize Devi ameshika nini, amesimama juu ya nini, na kwa nini. Wasipojua, waelezeni, nanyi msipojua, njooni pamoja nao hekaluni tuulizane. Picha ikiisha kueleweka, hata karatasi yake ikichakaa na kukabidhiwa maji kwa heshima kama ilivyo desturi yetu, itakuwa imekwisha kufanya kazi yake.

Tunawaombea waumini wote wa hekalu hili, na majirani zetu wa dini zote tunaoishi nao kwa amani, heri kwanza na faida baadaye.